Riwaya ya Dune na Filamu Zake: Maneno Yaliyobaki na Yaliyoondoka

Mwishoni mwa riwaya ya Dune, aliyoiandika Mmarekani Frank Herbert na ikachapishwa mwaka 1965, mna faharasa ya istilahi za ulimwengu wa karne zijazo. Msomaji aliyelelewa katika Kiingereza huipitia kama mgeni anayetembezwa mji asioujua: kila neno ni geni kwake, na ugeni huo ndio ladha yake. Msomaji wa Kiswahili hawezi kuipitia hivyo. Akikuta adab, aql, baraka, burhan, fiqh, hajj, ilm, jihad, shaitan, shari-a na ulema, anajua kwamba nyumbani kwao mna adabu, akili, baraka, burhani, fikihi, hija, elimu, jihadi, shetani, sheria na maulamaa. Riwaya inayosimulia mambo ya zaidi ya miaka 20,000 baada yetu inamjia ikiwa imebeba maneno ya bibi yake.

Riwaya hii imepelekwa kwenye skrini mara tatu. Mwaka 1984 David Lynch aliifanya filamu moja ya sinema. Mwaka 2000 John Harrison aliifanya tamthiliya ya televisheni ya sehemu tatu. Kisha Denis Villeneuve, Mkanada wa Quebec, akaigawa katika filamu mbili, ya kwanza mwaka 2021 na ya pili mwaka 2024. Kila jaribio lilipotoka, wahakiki waliuliza swali lile lile: ni lipi lililo aminifu zaidi kwa kitabu? Swali hilo si baya, lakini haliendi mbali. Filamu si nakala ya riwaya, na tamthiliya inayofuata kitabu ukurasa kwa ukurasa inaweza kukikosa kitabu chenyewe.

Katika insha hii nauliza maswali mawili mengine. La kwanza: riwaya ilitoa onyo kuhusu waokozi, je, kila mwongozaji alilifanya nini onyo hilo? La pili: riwaya ilijaa msamiati ambao sisi Waswahili tunautambua, je, kila mwongozaji aliufanya nini msamiati huo? Nitakayoyaeleza yananiongoza kwenye hitimisho lisilostarehesha. Filamu zilizolielewa onyo la Herbert kuliko zote ndizo zilizouondoa msamiati wake kwa makusudi makubwa kuliko zote.

Tuanze na kitabu. Herbert alikuwa mwandishi wa habari wa pwani ya magharibi ya Marekani. Mwaka 1957 alikwenda karibu na mji wa Florence, Oregon, kuchunguza jinsi wataalamu wa serikali walivyokuwa wakipanda majani ili kuzuia vilima vya mchanga visifunike barabara na nyumba. Makala aliyokusudia kuiandika haikuchapishwa, lakini mchanga haukumtoka kichwani. Alisoma juu ya majangwa, kisha juu ya dini zilizozaliwa majangwani. Hadithi ilianza kutoka kwa mfululizo katika jarida la Analog mwezi Desemba 1963, na sehemu yake ya mwisho ikatoka mwezi Mei 1965. Wachapishaji wapatao 20 waliukataa mswada wa kitabu. Aliyeukubali ni Chilton wa Philadelphia, aliyejulikana zaidi kwa vitabu vya kutengeneza magari. Mwaka uliofuata riwaya ikapata tuzo ya Nebula, ambayo ilikuwa ikitolewa kwa mara ya kwanza, na ikagawana tuzo ya Hugo na riwaya ya Roger Zelazny.

Kisa chake kwa ufupi ni hiki. Sayari ya Arrakis ni jangwa tupu, lakini ndiyo mahali pekee panapopatikana kiungo ambacho bila hicho vyombo haviwezi kusafiri baina ya nyota. Anayekitawala kiungo hicho anautawala ulimwengu. Msomaji wa miaka ya 1960, aliyekwisha kusikia kwamba nchi zenye mafuta zimeunda umoja wao wa OPEC mjini Baghdad mwaka 1960, hakuhitaji kufafanuliwa fumbo hilo. Mfalme mkuu anaikabidhi sayari kwa ukoo wa Atreides, kisha anashirikiana kwa siri na ukoo hasimu wa Harkonnen kuuangamiza. Kijana Paul Atreides na mama yake Jessica wanakimbilia kwa wenyeji wa jangwani, Fremen, ambao wanampokea kama mkombozi aliyetabiriwa. Anawaongoza vitani, anashinda, na anaketi juu ya kiti cha enzi.

Hadithi ya mgeni anayewaongoza wenyeji wa jangwani haikuanza na Herbert. Filamu ya David Lean juu ya T. E. Lawrence, iliyopigwa kwa sehemu katika bonde la Wadi Rum nchini Jordan, ilitoka mwaka 1962, mwaka mmoja kabla ya Dune kuanza kuchapishwa katika jarida. Waliokiweka kitabu cha Herbert bega kwa bega na cha Lesley Blanch cha mwaka 1960 juu ya Imam Shamil, aliyepigana na Warusi katika milima ya Kaukasi hadi alipojisalimisha mwaka 1859, wameonyesha jinsi Herbert alivyochota huko majina na istilahi, likiwemo jina la lugha ya Chakobsa. Na neno Mahdi haliwezi kuandikwa bila kumkumbusha msomaji wa historia juu ya Muhammad Ahmad wa Sudan, aliyejitangaza mwaka 1881 na ambaye majeshi yake yaliiteka Khartoum mwezi Januari 1885.

Hata hivyo, Herbert aliongeza jambo ambalo halimo katika sinema ya Lean. Fremen hawakumtabiri Paul wenyewe. Utabiri ulipandwa kwao karne nyingi kabla na shirika la wanawake, Bene Gesserit, lililokuwa likituma wajumbe kwenye sayari za mbali kueneza ngano, ili siku moja mwanachama wake akikwama huko apate watu walio tayari kumwamini. Jessica anaitambua ngano hiyo mara tu anapoisikia, naye anaitumia kuokoa maisha yake na ya mwanawe. Imani ya watu ni ya kweli, na mateso yao ni ya kweli. Ila mlango ambao mgeni anaingilia ulichongwa na wageni.

Hapa lipo neno ambalo sikio la Kiswahili hulisikia kwa namna yake. Jina ambalo Fremen wanampa mkombozi ni Lisan al-Gaib. Kwa Kiarabu lisan ni ulimi, na ghaib ni kile kisichoonekana, kilichofichika. Lakini faharasa ya Herbert inalifasiri jina hilo kuwa ni sauti itokayo ulimwengu wa nje, nabii ajaye kutoka sayari nyingine. Mwarabu anaweza kusema kwamba hapo Herbert ameteleza. Mswahili anajua kwamba lugha yetu imefika mahali hapo hapo bila msaada wake. Kutokana na ghaibu tumepata ughaibuni, yaani nchi za mbali, kule ambako mtu akienda hatumwoni tena. Lisan al-Gaib kwa Kiswahili cha leo ni sauti ya ughaibuni. Sisi tunaoandika na kusoma tukiwa ughaibuni tunajua jinsi sauti itokayo huko inavyopewa uzito nyumbani, hata pale isipostahili. Sidhani kama kuna wasomaji wengi wanaoweza kuona kwa wepesi zaidi kwamba katika jina hilo tayari limo onyo.

Onyo lenyewe liko wazi kwa anayesoma polepole. Paul anaona mapema kwamba, akiukubali utabiri, jina lake litakuwa bendera ya vita vitakavyoenea ulimwengu mzima, na kwamba vita hivyo havitamsikiliza hata yeye. Neno analolitumia Herbert ni jihad. Paul anatafuta njia ya kulipiza kisasi bila kuifungulia jihad mlango, naye anashindwa. Lakini mambo haya yote yamo katika mawazo yake. Matendo yanayoonekana ni ya shujaa: anapanda kiumbe mkubwa wa mchangani, anaushinda ukoo uliomuua baba yake, anamwoa binti mfalme. Kitabu kinafungwa vita vikubwa havijaanza. Wasomaji wengi walifunga ukurasa wa mwisho wakishangilia.

Herbert alisema mara nyingi baadaye kwamba alitaka kuwatahadharisha watu dhidi ya viongozi wenye mvuto, na kwamba hata Rais Kennedy alimwona kuwa hatari kwa sababu watu walimfuata bila kuuliza. Mwaka 1969 alitoa riwaya ya pili, Dune Messiah, ambamo Paul ni mtawala aliyechoka, anayekiri kwamba watu bilioni 61 wameuawa kwa jina lake. John W. Campbell, mhariri wa Analog aliyeichapisha hadithi ya kwanza, aliikataa hii ya pili. Alitaka shujaa, naye aliletewa shujaa aliyeanguka.

Mwaka huo huo wa 1969 Ebrahim Hussein alichapisha tamthilia yake ya Kinjeketile. Waandishi hawa wawili hawakujuana, na sidai kwamba kuna aliyemwathiri mwenzake. Lakini swali lililowakabili lilikuwa moja. Hussein alichukua kisa cha Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, ambaye dawa yake ya maji iliwaunganisha watu wa kusini mwa Tanganyika katika vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907, na ambaye Wajerumani walimnyonga mwezi Agosti 1905. Katika tamthilia, mtu huyo anatambua kwamba ujumbe aliouleta umekua hadi kumzidi yeye mwenyewe. Anataka watu wangoje, hawangoji. Mwishoni Wajerumani wanamtaka aukane, naye anakataa, kwa sababu anajua kukana kwake kungewanyang'anya wajukuu kitu kikubwa kuliko ushindi.

Ninawaweka wawili hawa pamoja kwa sababu tofauti yao inatufundisha kuisoma Dune. Kinjeketile ni mtu wa hapo hapo. Utabiri wake unaponyooka au kupinda, watu wake ndio wanaohojiana juu yake jukwaani: wapo wanaoamini, wapo wanaoshuku, na wapo wanaoamini huku wakishuku. Paul ni mgeni, na katika riwaya ya Herbert Fremen karibu wote wanaamini. Mashaka yamo kichwani mwa mgeni peke yake. Huu ndio udhaifu mkubwa wa riwaya, na kila aliyeipeleka kwenye skrini alilazimika kupambana nao.

David Lynch alipambana nao vibaya. Mtayarishaji wake alikuwa Raffaella De Laurentiis, filamu ilipigwa Mexico, na gharama yake ilikuwa takriban dola milioni 40, fedha nyingi mno kwa wakati ule. Ilibidi kurasa mamia kadhaa zikae ndani ya saa mbili na dakika chache. Kwa kuwa mengi ya muhimu yamo katika mawazo ya wahusika, Lynch aliwafanya wahusika wanong'one mawazo yao huku nyuso zao zikiwa kimya, na akamweka Binti Irulan mwanzoni akimtazama mtazamaji na kumweleza mpangilio wa ulimwengu. Mavazi, majumba na mitambo yake bado yanavutia leo. Lakini hapakuwa na nafasi ya shaka. Utabiri ukabaki utabiri, na Paul akabaki mkombozi.

Dalili kubwa ni mwisho wake. Katika filamu ya Lynch, Paul akishashinda, mvua inanyesha juu ya Arrakis. Ni mwujiza, na ndio uthibitisho kwamba yeye ndiye. Katika riwaya jambo hilo haliwezekani: maji ni sumu kwa viumbe wakubwa wa mchangani, na viumbe hao ndio chanzo cha kiungo. Mvua ya ghafla ingeangamiza utajiri wa sayari na nguvu ya Fremen kwa siku moja. Kwa Herbert, kuigeuza Arrakis kuwa na kijani ni kazi ya vizazi, yenye hesabu ya kila tone, na tena yenye hasara yake. Lynch ameibadilisha kazi hiyo kuwa karama ya mtu mmoja. Aidha amebuni silaha ya sauti ambayo haimo kitabuni, kiasi kwamba jina Muad'Dib, analoitwa Paul jangwani, likitamkwa kwa silaha hiyo linabomoa. Jina hilo linatokana na mzizi ule ule uliotupa adabu na kuadibu. Katika filamu limekuwa risasi.

Tamthiliya ya Harrison ya mwaka 2000 ilikuwa na muda wa kutosha, zaidi ya saa 4. Ilitengenezwa Prague, ndani ya studio, jangwa likiwa limechorwa kwenye pazia kubwa, na Vittorio Storaro ndiye aliyesimamia upigaji picha; kazi yake ilipata tuzo ya Emmy. Leo mapazia hayo yanaonekana kuwa mapazia. Lakini ni Harrison aliyeyapa mambo ya siasa nafasi yao: mikutano, mapatano ya koo, njama za mfalme. Alimpanua Binti Irulan, ambaye katika riwaya anasikika hasa katika dondoo za vitabu vyake zinazofungua kila sura, akamfanya mpelelezi wa ukweli. Mwaka 2003 ikafuata Children of Dune, iliyounganisha riwaya ya pili na ya tatu, na kwa mara ya kwanza watazamaji wakamwona Paul akiwa mtawala anayejutia alichokifanya. Kwa hiyo onyo lilifika kwenye skrini, lakini lilichelewa miaka mitatu, na lilifika kwa watazamaji wa televisheni waliokuwa tayari wamekipenda kitabu.

Villeneuve alianza mahali pengine kabisa. Sauti ya kwanza inayosimulia katika filamu yake ya 2021 si ya Irulan bali ya Chani, msichana wa Fremen. Anaeleza uzuri wa jangwa lake, kisha anaeleza dhuluma ya watawala wa Harkonnen, kisha anajiuliza watakaowadhulumu baada ya hao watakuwa akina nani. Kwa hatua hiyo moja mtazamaji amewekwa upande wa wanaongojea mgeni afike, si upande wa mgeni. Katika riwaya historia inaandikwa na binti mfalme. Hapa inaanza kwa mtu ambaye nchi ni yake.

Filamu ya pili inaendelea na njia hiyo. Villeneuve anawagawa Fremen: wa kaskazini wanaoshuku utabiri, na wa kusini wanaoushikilia. Mgawanyiko huo haumo kitabuni. Chani wa kitabu anamwamini Paul na kumzalia mtoto. Chani wa filamu anasema waziwazi kwamba utabiri ni kamba ya kuwafungia watu wake. Stilgar, kiongozi mzee, anaamini kiasi kwamba Paul akikana kuwa yeye ni Mahdi, kukana huko kunakuwa kwake dalili nyingine. Watazamaji wanacheka mwanzoni. Mwishoni hawacheki, kwa sababu mzee yule yule anawapandisha vijana vyomboni kwenda kupigana na koo zilizokataa kumtambua Paul, huku Chani akiwapa kisogo na kwenda jangwani peke yake.

Haya ndiyo ninayoyaita kulielewa onyo. Villeneuve ametambua kwamba mashaka yaliyofungiwa katika kichwa cha Paul hayawezi kuonekana kwenye skrini, na kwamba hata kitabuni hayakusikika vya kutosha. Ameyatoa humo na kuyapa mdomo wa Chani. Kwa njia hiyo ameziba pengo nililolitaja: Fremen sasa wanahojiana wao kwa wao. Hajawa aminifu kwa matukio, lakini amekuwa aminifu kwa Herbert wa mwaka 1969 kuliko Herbert wa 1965 alivyoweza kuwa. Ningeishia hapo kwa pongezi, lau si lile swali la pili.

Katika filamu hizi neno jihad limeondolewa. Paul anapoona yajayo, anazungumza juu ya vita vitakatifu kwa Kiingereza cha kawaida. Na lugha ambayo Fremen wanaizungumza baina yao imebuniwa upya na mwanaisimu David J. Peterson, yule yule aliyebuni lugha za Game of Thrones. Hoja yake ni ya kitaalamu: katika maelfu ya miaka mingi kiasi hicho, Kiarabu kisingebaki katika sura ya kutambulika. Kwa hiyo Fremen wanasema maneno ambayo sikio la Mwarabu, la Mswahili au la Mwajemi haliyatambui. Yaliyobaki ni machache, na mengi yake ni majina: Mahdi, Lisan al-Gaib, Muad'Dib, Usul, Shai-Hulud.

Hoja hiyo naiheshimu, lakini haisimami peke yake. Katika ulimwengu huo huo, baada ya miaka hiyo hiyo, kijana bado anaitwa Paul, mama yake Jessica, na mpiganaji wao Duncan, na hakuna herufi iliyochakaa. Wakati haukuyagusa majina ya Ulaya; umeyagusa ya wengine. Sababu nyingine haitajwi mara nyingi lakini kila mtu anaijua. Tangu mwaka 2001, katika miji tunamoishi, neno jihad halitamkwi mbele ya watu bila vichwa kugeuka, na watayarishaji waliotia mamilioni ya dola hawataki vichwa vigeuke. Siwalaumu kwa woga huo peke yake. Yeyote miongoni mwetu aliyewahi kuteremsha sauti kwenye basi alipokuwa akizungumza na mama yake kwa simu anauelewa.

Lakini tuangalie ni maneno yapi yaliyobaki na yapi yaliyoondoka. Yanayosikika kwa nguvu katika filamu, yakirudiwa na umati, ni Mahdi na Lisan al-Gaib. Hayo ndiyo maneno ya utabiri uliopandwa na wageni, maneno ya mtego. Ilm, fiqh, aql, burhan, maneno ya elimu, ya sheria, ya akili na ya hoja, ambayo Herbert aliyaweka katika faharasa yake hata kama aliyapinda maana, hayapo tena. Mtazamaji anawaona watu wanaojua kungojea na kupiga kelele kwa lugha inayofanana na yetu, lakini wanaofikiri kwa lugha isiyofanana na yoyote. Hata Chani, ambaye kazi yake ni kufikiri, hana katika kinywa chake neno moja la mapokeo ya fikra ambayo Herbert aliyaazima. Kwa mtazamaji asiyejua zaidi, picha inayobaki ni kwamba kutoka upande huo wa dunia kulitoka imani tu, na shaka ilitoka kwingineko.

Mtu atanijibu kwamba Herbert naye aliyatumia maneno haya kama mapambo. Ni kweli kwa kiasi. Katika faharasa yake baraka ni mtu mtakatifu aliye hai, na adab ni kumbukumbu inayomjia mtu yenyewe na kumdai. Mwalimu wa Kiarabu angekata kwa wino mwekundu. Ila hapa Kiswahili kina ushahidi wa kutoa, kwa maana sisi ni mfano hai wa jinsi maneno yanavyosafiri. Hadithi kwetu imekuwa kisa chochote, hata cha sungura na fisi. Sheria imekuwa sheria yoyote, hata ya barabarani. Safari imekuwa mwendo wowote. Usul, jina la siri la Paul, ni wingi wa neno lililotupa sisi asili. Na mzizi ule ule unaoogopwa katika jihad umetupa juhudi na jitihada, maneno ambayo mwalimu huyaandika katika ripoti ya mtoto wa darasa la tatu anapomsifu.

Kwa hiyo Herbert, bila kukusudia, alikuwa na kweli ambayo hoja ya miaka 20,000 imeikosa. Maneno yakihama hayafi tu, hubadilisha kazi. Hudumu katika vinywa vya watu wasiojua yalikotoka, yakimaanisha jambo la jirani na lile la kwanza. Fremen wake, wazao wa wahamaji waliofukuzwa sayari hadi sayari, wanasema kama watu wa pwani wanavyosema: kwa maneno yaliyopokewa, yaliyopinda, na ambayo sasa ni yao. Kuwapa lugha safi iliyobuniwa upya kunawanyang'anya historia yao ya kuhama, na historia hiyo ndiyo iliyowafanya wawe Fremen.

Jambo hili linazidi kuuma tukikumbuka filamu hizi zilipopigwa. Jangwa tunaloliona ni Wadi Rum ya Jordan na mchanga wa Liwa, Abu Dhabi. Baadhi ya wasomaji wa jarida hili wanaishi mwendo wa saa chache kwa gari kutoka hapo. Mchanga uliruhusiwa kubaki kama ulivyo, kwa kuwa ni mzuri na hauna matamshi. Herbert aliyekulia penye misitu na mvua aliliwazia jangwa na kulijaza maneno ya watu wake; waliokwenda jangwani kwa miguu yao walilichukua na kuyaacha maneno.

Sisemi haya ili kuwaombea wasomaji waziache filamu za Villeneuve. Waziangalie, na wakiwa na watoto wao waliofikia umri, wawaangalishe. Ni nadra sinema ya gharama kubwa kumfundisha kijana kumshuku mkombozi wake. Lakini baada ya hapo wawafungulie kurasa za mwisho za kitabu na kuwaonyesha faharasa. Mtoto aliyezaliwa Leeds au Minnesota, anayedhani Kiswahili ni lugha ya jikoni na ya simu za jamaa, atashangaa kuona kwamba anaweza kusoma lugha ya mwaka 10191 kwa msaada wa nyanya yake.

Filamu ya tatu imeshatangazwa, nayo itatokana na Dune Messiah. Humo hapatakuwa na pa kujificha, kwa sababu kitabu hicho chote ni hesabu ya kilichofanywa na vita vya Paul. Villeneuve atalazimika kutuonyesha wafu, na atalazimika kuvipa vita hivyo jina. Kwa kuwa amekwisha kutuonyesha kwamba Fremen wanaweza kushuku, ninatamani kusikia wakishuku kwa maneno yao: mmoja wao asimame mbele ya umati na kudai burhani.